Alama Tatu kwa Afande

Konstebo Nabasa alipofika mstari wa tatu wa kazi namba kumi na nne, alijua imeandikwa na nani. Jina halikuwepo. Masomo yale ya mtandaoni yaliyaficha majina ya wanafunzi wakati wa kusahihishana. Kila mtu alikuwa namba tu. Lakini kila kazi ilikuwa mahojiano ya kubuni, na kwenye mstari ule wa tatu mhoji alimwambia mtoto, "Jibu kwa kifupi, mimi iko na kazi nyingi," na Bwera nzima ilikuwa na mtu mmoja tu wa maneno hayo. Aliwaambia wezi, aliwaambia wachungaji wa kanisa, na siku moja alimwambia daktari aliyekuwa akimshona kidole. Alikuwa Inspekta Mugume, mkuu wa kituo chao.

Nabasa akaiweka simu kitandani, akatoka nje ya chumba chake cha kambini kwenda kuanua nguo ambazo hata hazijakauka. Alipozirudisha kambani ndipo alipojua kwamba anaikimbia kazi namba kumi na nne.

Masomo yenyewe yalihusu namna ya kumhoji mtoto aliyeshuhudia kosa. Yalikuwa ya wiki nane, kwa simu, kwa Kiswahili, kwa sababu wanafunzi walitoka pande zote mbili za mpaka: askari polisi watano wa kituo kimoja upande wa Bwera, Uganda, pamoja na wauguzi na watu wa ustawi wa jamii kutoka Kasindi, upande wa Kongo. Mwalimu wao, Tumpe Mwakyoma, alifundishia nyumbani kwake Mbeya. Siku ya kwanza kabisa alisema, "Humu ndani hakuna afande wala bosi. Mimi niiteni Tumpe. Nikikosea, nikosoeni."

Askari wote watano waliitikia kwa heshima, na hakuna hata mmoja aliyemwita Tumpe. Kila mwalimu alipouliza swali, wanne walisubiri Afande Mugume awashe kipaza sauti chake. Akishasema, wao waliandika mmoja baada ya mwingine: "Naunga mkono, afande." Walipopewa kazi ya kwanza ya kusahihishana, kila mmoja alimpa mwenzake kumi kwa kumi, wasije wakamkosea heshima mtu wasiyemjua.

"Nimeziona alama zenu," Mwalimu Tumpe alisema kwenye kipindi cha Jumanne. "Kumi, kumi, kumi, kumi. Hapa tunasoma au tunatuzana kama harusini?"

Aimée, muuguzi wa Kasindi ambaye mara nyingi alichelewa kwa kuwa saa za kwao ziko nyuma ya za Uganda kwa saa moja, siku hiyo alikuwa amewahi. "Mwalimu, hawa batu ya Uganda beko na chef wao humu ndani," alisema huku akicheka. "Ni juu ya ile banaogopa. Mutu atasema je mbele ya chef?"

Hakuna askari aliyecheka. Afande Mugume aliikaza kofia yake kichwani, akasema mtandao wake unasumbua, akatoka darasani.

Kama si mtoto wa Muhokya, Nabasa naye angeiandikia namba kumi na nne alama kumi, yakaisha. Mwaka uliotangulia aliletewa msichana wa miaka tisa aliyeona nyumba ya jirani ikichomwa moto. Nabasa alimkalisha kwenye benchi tangu asubuhi, akamuuliza kwa Kiswahili alichofundishwa kwenye uwanja wa gwaride. Sema! Uliona nani? Nani alikuwa na kiberiti? Kwao Ntungamo hakikusemwa Kiswahili nyumbani. Alikipata chuo cha polisi, na kilimfikia kikiwa amri tupu: simama, kaa, leta, toka. Mtoto hakufungua mdomo. Kesi ikafungwa, na mtu ambaye wote walijua ndiye aliyechoma nyumba hadi leo alikuwa akipita na baiskeli yake mbele ya Nabasa, akimsalimia vizuri kabisa. Kwenye masomo ya Mwalimu Tumpe ndiko Nabasa alikosikia kwa mara ya kwanza Kiswahili kikimuuliza mtoto, "Ilikuwaje?" Alirudia neno hilo peke yake siku nzima, kama mtu anayejaribu viatu vipya.

Akarudi ndani, akaishika simu, akaisahihisha namba kumi na nne. Maswali ishirini na mawili, kumi na tisa yakiwa ya ndiyo au hapana. Mtoto amekatizwa mara saba. Ametishwa mara mbili. Akatoa alama tatu kwa kumi, akaeleza kila kosa kwa nini ni kosa, akaituma.

Asubuhi yake, baada ya gwaride, alibisha kwenye mlango wa mkuu wa kituo.

"Afande, naomba dakika tano."

"Sema."

"Naomba nifunge mlango, afande."

Mugume alimtazama juu ya miwani, akaashiria kwa kidole kwamba afunge.

"Kazi namba kumi na nne niliisahihisha mimi," Nabasa alisema, mikono yake ikiwa imenyooka ubavuni. "Nimeipa tatu."

"Tatu ya ngapi?"

"Ya kumi, afande."

Inspekta aliiweka kalamu chini taratibu. "Nani alikuambia ni ya mimi?"

"Hakuna. Ni maneno yenyewe, afande."

"Ile mashine inaficha jina. Ungekaa kimya, mimi singejua. Sasa unakuja hapa kutafuta nini?"

"Mwalimu anataka tukosoane bila kujuana. Kwao labda ni sawa," Nabasa alisema. "Lakini mimi nimelelewa kwamba mtu mwenye neno na mkubwa wake hulisema mbele yake, wakiwa wawili tu. Kukurushia kutoka mafichoni nimeona ni kukosa adabu. Ndiyo maana nimekuja. Ila alama ni ile ile, afande."

Nje askari mmoja alikuwa akifagia, na ufagio ulisikika wazi. Mugume alivuta karatasi iliyokuwa mezani, akaisoma kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Wilayani Kasese wameomba askari wa kizuizi cha barabara kule Muhokya," alisema mwishowe. "Utaenda wewe. Jumatatu. Zamu inaisha saa kumi na mbili jioni."

Kipindi cha Mwalimu Tumpe kilikuwa saa kumi na moja jioni, Jumanne na Alhamisi. Wote wawili walilijua hilo.

"Ndiyo, afande," Nabasa alisema, akapiga saluti, akatoka.

Hakulia wala hakumlalamikia mtu. Jumanne ya kwanza pale Muhokya alimwendea Sajini Caleb, mkuu wa kizuizi, akamwambia ukweli wote: kwamba anasoma, kwamba ameletwa pale kwa sababu ya masomo hayo, na kwamba yuko tayari kusimama juani mchana kutwa bila kupumzika mradi apewe ile saa moja. Caleb alikuwa mtu wa kuogopa maneno mengi. Akakubali ili Nabasa anyamaze. Kuanzia siku hiyo Nabasa alisoma akiwa amekaa juu ya debe nyuma ya kibanda, kisikizi kimoja sikioni na sikio la pili likiwa barabarani, na kila alipowasha kipaza sauti darasa zima lilisikia malori ya saruji yakibadili gia.

"Nabasa, uko wapi leo?" Mwalimu Tumpe aliuliza.

"Niko kazini, mwalimu. Endelea tu, ninaandika."

Wiki yake ya tano pale Muhokya ilipoanza, simu yake ililia asubuhi. Alikuwa Mugume.

"Njoo Kisinga, hospitali ya misheni," alisema. "Na ukuje na ile masomo yako." Akakata.

Nabasa alipanda boda boda. Alimkuta inspekta amesimama uani mwa hospitali, vumbi limemjaa hadi magotini. Siku tatu kabla, alimweleza, gari lilimgonga bibi mmoja barabarani karibu na Kisinga, likakimbia. Bibi alikuwa hai, nyonga imevunjika, na hakumbuki kitu. Aliyekuwa naye ni mjukuu wake, Mbambu, wa miaka minane. Mtoto ameona kila kitu, na tangu siku hiyo hajasema neno kwa askari yeyote.

"Nimemuuliza mara tatu," Mugume alisema. Kisha, huku akitazama pembeni, "Nimejaribu pia bila kupiga kelele."

Shangazi wa mtoto, Biira, alikuwa mama wa makamo aliyekuwa akimuuguza bibi. Alikubali kutafsiri Lhukonzo, lugha ya mtoto. Wakapewa chumba kidogo. Nabasa alifungua simu, akaisoma tena kanuni ya nne ya masomo: mtoto ahojiwe mahali patulivu, bila ndugu wengi, mhoji na mtoto wakae uso kwa uso, macho yao yawe usawa mmoja. Akachagua viti viwili vifupi. Akavua kofia. Akainama mpaka uso wake ukawa sawa na wa Mbambu, akamtazama machoni, akasema kwa sauti ya upole aliyoifanyia mazoezi kwa wiki nne nyuma ya kibanda.

"Mbambu, mimi naitwa Nabasa. Niambie yote unayokumbuka. Hapa hakuna jibu baya."

Biira akatafsiri. Mbambu alitazama vidole vya miguu yake. Nabasa akangoja, kama alivyofundishwa, dakika moja, mbili, bila kuacha kumtazama. Mtoto akaanza kutetemeka kidevu, machozi yakashuka, akajifunika uso kwa gauni.

Nabasa alikuwa amefuata kila kitu. Alimwona tena yule msichana wa benchini.

"Afande," Biira alisema pole pole, "nikuambie kitu, hutakasirika?"

"Niambie, dada."

"Unamtazama sana. Huku kwetu mtoto hamwangalii mtu mzima machoni. Akifanya hivyo nyumbani, mama yake atamuuliza amekuwa jeuri tangu lini. Sasa wewe unamlazimisha akuangalie, na yeye anajua ni vibaya. Halafu umekuja mgeni, hujasalimia nyumba, hujala kitu, unamwambia akupe yote. Atakupaje?"

Nabasa aliitazama simu. Ilikuwa kanuni ya nne, imeandikwa kwa herufi nzito, na mwalimu alikuwa ameirudia mara tatu. Kuiacha ilikuwa kama kumkatalia mwalimu mbele ya darasa. Akafunga simu, akaitia mfukoni.

"Mnaishi wapi?"

Nyumba ya Biira ilikuwa mwendo wa robo saa kwa miguu. Mugume aliwafuata, akabaki kwenye gari lake barabarani, akisema dereva aliyegonga atakuwa ameshafika Kampala wakati wao wanatembeleana. Nabasa aliingia uani, akawasalimia waliokuwepo mmoja mmoja, akala muhogo aliopewa. Kisha akaketi kwenye mkeka kando ya Mbambu, bega kwa bega, wote wakitazama mbele. Biira akaweka ungo wa maharagwe katikati yao. Wakaanza kuchambua, vijiwe huku, maharagwe huku, na Nabasa hakuuliza kitu. Alimweleza Biira habari za Ntungamo, za mama yake, za ng'ombe mmoja aliyekuwa mkorofi kupita kiasi. Biira alitafsiri, akicheka.

Mbambu akanyoosha kidole. Nabasa alikuwa ameacha kijiwe.

"Asante," Nabasa alisema, akakitoa. Kisha, bila kugeuza kichwa, "Siku ile na bibi, ilikuwaje?"

Mikono ya mtoto iliendelea na maharagwe. Alisema kitu kwa sauti ndogo, na Biira akaacha kuchambua.

"Anasema aliambiwa anyamaze."

"Na nani?"

"Na yule mwenye gari. Anasema alishuka, akamtazama bibi, akamwambia yeye, 'Nyamaza!' Neno lenyewe amelisema kwa Kiswahili hivyo hivyo. Kisha akapanda gari, akaenda." Biira aliuvuta ungo karibu. "Anasema mtu mzima alimwambia, na yeye amenyamaza."

Baada ya hapo Mbambu hakusema tena. Nabasa aliyaelewa yote kwa pamoja. Mtoto hakuwa mkaidi wala hakuwa amesahau. Alikuwa mtiifu. Mtu mzima alimwamuru kwa Kiswahili, kisha akaja mtu mzima mwingine, mkubwa zaidi, akabweka kwa Kiswahili hicho hicho, na yeye akazidi kutii amri ya kwanza.

Akainuka, akaenda hadi kwenye gari.

"Afande, nahitaji uje wewe."

"Mimi? Si ulinipa tatu?"

"Kuna mtu amempa amri ya kunyamaza. Mimi siwezi kuifuta, kwake mimi ni mgeni anayechambua maharagwe. Anahitaji mkubwa. Uje, uvue kofia, ukae chini kwenye mkeka, umwambie yule mtu hakuwa na ruhusa ya kumnyamazisha. Usiulize swali lolote. Sema hayo tu."

"Nikae chini." Mugume aliitazama suruali yake iliyopigwa pasi.

"Chini, afande. Na usimtazame."

Walitazamana wao wawili, konstebo na inspekta, katikati ya barabara ya vumbi. Safari hii Nabasa hakuyashusha macho yake. Mugume akashuka garini.

Alikaa kwenye mkeka kwa shida, magoti yakilia. Alipoanza kusema hakutumia Kiswahili. Alizungumza Runyankole, lugha ya nyumbani kwake na kwa Nabasa, ambayo Nabasa hakuwahi kumsikia akiizungumza kazini, na Nabasa akaigeuza kuwa Kiswahili, na Biira akaigeuza kuwa Lhukonzo. Alisema yeye ndiye mkubwa wa askari wote pale. Alisema yule mwenye gari alikosea, na amri yake imeondolewa. Alisema hata yeye mwenyewe alipiga kelele juzi, na hakupaswa.

Mbambu alimaliza kijirundo chake cha maharagwe kwanza. Ndipo akaanza, na alipoanza hakukatizwa na mtu. Gari lilikuwa na mgongo wazi, lilibeba trei za mayai zisizo na mayai. Mlango mmoja ulifungwa kwa kamba ya mgomba. Mtu yule alikuwa na bandeji kwenye kiganja. Lilielekea upande wa Kyondo.

Kesho yake mchana walilipata gari hilo Kyondo, kwenye ua wa mnunuzi wa kahawa, mlango bado umefungwa kwa kamba ile. Mwenye bandeji hakubisha sana.

Alhamisi iliyofuata Nabasa aliingia darasani akiwa kituoni. Mugume alikuwa amempigia Caleb kumwambia atafute mtu mwingine. Nabasa alisimulia kisa chote, kisha akasema maneno aliyoyaandika na kuyafuta mara kadhaa.

"Mwalimu, kanuni ya nne haifai kwetu. Macho kwa macho yanamtisha mtoto wa huku. Naomba ibadilishwe."

Askari wenzake watatu walikaa kama picha. Uso wa Mwalimu Tumpe ulisogea karibu na kioo.

"Hilo la macho nalipokea," alisema. "Lakini mengine nina shida nayo. Shangazi alikuwepo. Wakili atasema ndiye aliyempa mtoto maneno. Na huyo mkubwa wenu, umemtoa mtoto kwenye amri moja ukamtia kwenye nyingine. Amri ya kusema nayo ni amri, Nabasa."

"Ni kweli, mwalimu. Lakini bila hiyo mtoto angebaki kimya mpaka leo. Shangazi tumrekodi tangu mwanzo, isikike alichotafsiri na alichoongeza. Mtoto aliyelelewa kutii huwezi kumwambia tu 'jisikie huru'. Hajui uhuru huo unatoka kwa nani."

"Hata kwetu Kasindi ni vile," Aimée alidakia. "Mutoto anangoja mukubwa amupatie ruhusa. Anasema ukweli, mwalimu."

Ndipo kipaza sauti cha Mugume kikawaka. Wote wakanyamaza kama kawaida yao.

"Kazi namba kumi na nne ni ya mimi," alisema. "Huyu konstebo alinipa tatu, na mimi nikampeleka barabarani. Ile tatu ilikuwa haki. Mwalimu, naomba nirudie ile kazi." Akavuta pumzi. "Na nyinyi wengine, mkiwa na kitu ya kusema juu ya kazi yangu, mlango wa ofisi uko. Mtakuja mmoja mmoja."

Haikuwa vile Mwalimu Tumpe alivyotaka, watu kukosoana hadharani bila woga, na alifungua mdomo kutaka kulisema hilo. Akaghairi. "Sawa," akasema. "Mmoja mmoja. Nabasa, niandikie somo hilo la mkeka, kurasa nne, pamoja na ubishi wangu na majibu yako. Nitalifundisha kwa kundi lijalo. Na usinifichie mahali ambapo huna uhakika."

Jumamosi Nabasa alipanda tena boda boda hadi Kisinga. Bibi alikuwa amerudishwa nyumbani, amelala kivulini mguu ukiwa umenyooshwa, na Mbambu alikuwa akimpepea kwa kipande cha boksi. Nabasa alitoa daftari, akamwomba Biira amfundishe kuuliza "Ilikuwaje?" kwa Lhukonzo, yeye mwenyewe, bila mkalimani. Akalisema neno. Bibi akacheka mpaka akashika nyonga yake kwa maumivu.

"Umemuuliza mtoto amepikwaje," Biira alisema. "Sema tena."

Akalisema tena.

"Bado. Tena."